Faida Iliyopigiwa Vigelegele

Nchi yenyewe sitaitaja. Si uoga, msinielewe vibaya. Ni kwamba kibali changu cha kutumia kipaza sauti hadharani huhuishwa kila mwaka, na anayekihuisha ni mtu mwenye kumbukumbu nzuri sana. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu, na benki moja ya umma iitwayo Benki ya Neema. Kama wewe msomaji unaijua nchi inayofanana na hii, hilo ni lako na Mungu wako, mimi simo.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Nimesherehesha harusi, vipaimara, mahafali, uzinduzi wa choo cha stendi, na mara moja kuapishwa kwa waziri aliyefukuzwa kabla keki haijakatwa. Kwa hiyo niliyoyaona siku ya Sherehe ya Faida ya Benki ya Neema niliyaona nikiwa jukwaani, kipaza sauti mkononi na tumbo tupu. Hilo la tumbo mlikumbuke.

Basi, zamani benki ile ilikuwa na mkurugenzi mmoja mkavu, mtu wa kalamu na miwani, asiyejua hata kucheka mbele ya kamera. Kila mwaka alisimama mbele ya Mheshimiwa akaeleza jambo lile lile, taratibu, kama mwalimu wa darasa la tatu. Alisema benki ni kama muuza vitunguu. Muuza vitunguu hununua gunia shambani kwa bei ndogo, akaja kuuza sokoni kwa bei kubwa kidogo. Benki nayo huchukua fedha za wananchi wenye akiba, ikawalipa riba ndogo kwa kuwashukuru, kisha huwakopesha wafanyabiashara fedha hizo hizo kwa riba kubwa zaidi. Riba iliyoingia, ukitoa riba iliyotoka, kinachobaki katikati ndicho mapato halisi ya riba. Na hapo hujalipa mishahara, hujalipa umeme, hujatenga fungu kwa ajili ya wakopaji watakaoingia mitini. Ukishayatoa yote hayo ndipo utaijua faida, kama ipo.

"Na ipo?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ipo, Mheshimiwa. Ni ndogo, lakini imeshaingia mkononi."

Kumbe hapo ndipo alipojikaanga. Nchi jirani ilikuwa imetangaza faida ya bilioni hamsini kwa benki yake, na Mheshimiwa alikuwa amerudi kutoka mkutano wa wakuu wenzake akiwa hali wala hanywi kwa aibu. Akataka kujua iweje wale, ambao hata timu yao ya mpira tunaifunga, watuzidi faida. Yule mkavu akajibu kwamba huenda wakopaji wa kule wanalipa. Jioni ile ile aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo hadi leo hatujafungua ubalozi. Mara ya mwisho alionekana uwanja wa ndege, amekalia begi lake.

* * *

Mrithi wake aliitwa Audifasi Mangupili. Mgeni anaweza kuuliza alisomea nini. Katika nchi ile hatuulizi maswali ya kitoto namna hiyo. Tunauliza: ameongoza kamati ngapi za harusi? Mangupili alikuwa ameongoza harusi za watoto wa mawaziri wasiopungua tisa, na hakuna hata moja iliyoahirishwa kwa kukosa fedha, ingawa fedha hazikuwahi kutosha.

Kwa wale waliozaliwa wakati watu wameacha kuoana, nieleze. Kamati ya harusi hukaa vikao. Kila mjumbe husimama akataja ahadi yake: fulani laki tatu, fulani laki tano na kreti za soda. Wanawake wanapiga vigelegele, mweka hazina anaandika, jumla inatangazwa, na bajeti ya ukumbi, pilau na muziki inapangwa kwa jumla ile. Kisha ndipo kazi ya kukusanya inapoanza. Simu hazipokelewi. Mtu aliyeahidi laki tano yuko msibani, mkewe anaumwa, ameibiwa. Lakini harusi inafanyika, tena inapendeza, maana viti, wapishi na muziki vyote vimechukuliwa kwa maneno mazuri. Maharusi wanapata mtoto wa pili, mwenye viti bado anagonga mlango.

Sasa mtu aliyezoea hesabu hizo ndiye aliyepewa funguo za benki.

Siku ya kwanza aliwaita wakuu wa idara akaanza kupekua taarifa ya fedha. Akakuta fungu limeandikwa la mikopo isiyolipika, akaliwekea kidole. Mhasibu Mkuu, Bwana Kalumuna, mtu mpole mwenye mke na watoto sita, akamwelezea kwamba ni fedha za tahadhari, wakopaji wengine hawatalipa. Mangupili alimtazama kwa huruma. Aliuliza ni kamati gani ya harusi duniani hutenga fungu la talaka. Akasema huo ni uchuro, ndio maana benki haipati baraka. Fungu likafutwa asubuhi ile, na fedha zake zikanunua mapazia.

Kisha akaitisha kikao cha wakopaji, na hapo ndipo nilipoitwa mimi.

* * *

Wakopaji walikuja wakitetemeka. Mkubwa wao alikuwa Bwana Titus Mazoya, aliyekopa kujenga kiwanda cha sukari katika wilaya inayolima tumbaku. Riba hakuwa amelipa kwa muda mrefu kiasi kwamba tarishi wa benki aliyempelekea barua za madai alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa familia. Alimsimamia hata mtoto ubatizo. Bwana Mazoya alitarajia polisi. Akakuta matarumbeta, soda baridi, na kiti chenye utepe.

Nikafungua kikao. Mangupili akasimama, akasema wazee wetu walituambia ahadi ni deni, na wazee tunawaheshimu, lakini hawakusoma mambo ya fedha. Katika zama hizi ahadi ni mapato. Akamwomba kila mkopaji ainuke, ataje mbele ya Mungu na watu anaahidi riba kiasi gani mwaka huu, bila kulazimishwa.

Bwana Mazoya alikuwa wa kwanza kuelewa. Ndiyo maana wengine ni matajiri. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akaahidi milioni mia tisa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, matarumbeta yakalia, na mimi, kazi ni kazi, nikamzungusha ukumbini nikimwita simba wa uchumi.

Kalumuna alinyoosha kalamu akauliza aandike wapi.

"Kwenye mapato," Mangupili akamwambia.

"Lakini hajalipa, Mkurugenzi."

"Ameahidi mbele ya watu mia tatu, Kalumuna, na video ipo. Wewe ulipooa, si uliahidi tu? Mbona tuliandika umeoa?"

Kalumuna aliwaza watoto wake sita. Akavua miwani, akaiweka mezani, ndipo akaandika.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuzidiwa. Mwenye meli isiyoelea akaahidi bilioni. Mwenye hoteli isiyo na paa akaahidi bilioni na ushee. Bwana Mazoya akaona anaaibishwa, akarudi kuongeza. Bwana mmoja aliyekuja kutengeneza spika alipandwa na mori akaahidi milioni hamsini, na ilipogundulika hana mkopo wowote, walimpa mkopo pale pale ili ahadi yake ipate pa kukaa. Mpaka jioni, riba iliyoahidiwa ilikuwa imeipita mikopo yenyewe. Loo, ile siku sauti ilinikauka.

Ikabaki riba ya upande wa pili, ile ambayo benki inatakiwa iwalipe wenye akiba. Mangupili alishangaa kusikia fedha zinatoka. Akasema aliyechangia harusi hupewa kadi, hapewi hela. Basi wenye akiba wote nchini wakapelekewa kadi nzuri yenye utepe wa dhahabu na picha ya Mkurugenzi akitabasamu, na maandishi: Benki ya Neema inakuahidi riba yako. Kalumuna alijaribu mara ya mwisho, akauliza kama ahadi hiyo nayo iandikwe, maana ya wakopaji imeandikwa. Akajibiwa kwamba ahadi inayokuja ni fedha, ahadi inayoondoka ni maneno. Riba iliyoingia ikawa mabilioni, iliyotoka sifuri, na katikati pakabaki mapato halisi ya riba ambayo dunia haijapata kuyaona.

* * *

Sasa niwaeleze habari za Bi Sikudhani Mfaume, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Bi Sikudhani ni mpishi wa shughuli. Yeye na wenzake kumi na watatu wana kikundi chao, Mwiko Mmoja, na kama umewahi kula pilau ya harusi ukaomba kuongezwa katika mji ule, umekula chakula chao. Miaka yote walipikia kwenye kiwanja cha kupanga cha Mzee Chambuso, na miaka yote waliweka akiba Benki ya Neema, kidogo kidogo, ili siku moja wakinunue. Mwaka ule akiba ilifika. Milioni kumi na mbili, bei ya Mzee Chambuso hasa. Mzee naye alikuwa muungwana, lakini alikuwa na mgonjwa hospitali, na mtu wa kituo cha mafuta alikuwa amemletea bei juu ya hiyo. Akawaambia akina mama: nawasubiri mpaka Jumamosi baada ya alasiri. Ikipita hapo nauza, mnisamehe.

Bi Sikudhani akaenda benki kuchukua akiba yao. Karani akamwambia fedha zipo, zimeonekana kwenye taarifa. Bi Sikudhani akasema anafurahi kusikia zimeonekana, na yeye angependa kuziona. Akaambiwa asubiri sherehe ipite, kwani akiba ikitolewa sasa taarifa itapungua, na taarifa imeshapelekwa kwa Mheshimiwa ikiwa imenenepa. Sherehe ni Jumamosi. Saa ngapi itakwisha? Karani alisema sherehe za serikali hazina saa.

Alipokuwa anageuka, Mangupili mwenyewe akamwona. Alimfahamu, alikuwa bado hajamlipa pilau ya harusi tatu. Akamkumbatia, akamwita mama yangu, akampa habari njema: kikundi chake kimeteuliwa kupika pilau ya Sherehe ya Faida, sahani mia nane, malipo benki inayaahidi. Bi Sikudhani akauliza mchele atanunua na nini. Mangupili akamwambia mama, wewe ni mzoefu, utajua. Akaingia kwenye lifti.

Jioni Bi Sikudhani alinifuata nyumbani. Mimi na yeye tunafahamiana kwa shughuli nyingi. Mimi nikiongea sana, yeye ananiwekea sahani pembeni. Alikaa kwenye stuli, khanga begani, akaniuliza kama mtu anayemuuliza nduguye.

"Kaka, wewe uko nao huko juu. Pesa yetu watatupa?"

Nikamwambia wameahidi. Ndivyo nilivyojibu, wallahi, na nilipojisikia nilitamani ardhi ipasuke. Hakunikasirikia. Alizungumza habari za moshi, jinsi Bi Mwajuma alivyopata macho mabaya kwa ajili ya moshi, na jinsi walivyokwisha kugawana pa kuweka majiko siku kiwanja kikiwa chao. Roho iliniuma, sitaficha.

Kisha akauliza jambo moja tu. Ni kweli pale benki mtu akiahidi, inahesabiwa ametoa?

Nikasema ni kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza.

"Basi nimeelewa," akasema, akainuka, akafunga khanga vizuri. "Waambie pilau tutapika."

* * *

Jumamosi ikafika. Hema lilikuwa jeupe, viti vimevalishwa mashuka, na wageni walipokelewa getini kwa bahasha ya nauli. Wote walikuja na magari ya serikali yenye mafuta ya serikali, lakini nauli ni heshima, huwezi kumnyima mkubwa nauli. Bahasha zilikuwa nene. Mimi sikupewa, nilikuwa kwenye fungu la ahadi.

Nyuma ya hema akina mama wa Mwiko Mmoja walikuwa kazini. Masufuria makubwa yamepangwa safu nzima, mifuniko juu, makaa juu ya mifuniko kama inavyopaliwa pilau ya wajuzi. Na harufu, jamani. Kitunguu kinachoungua, bizari, iliki, mdalasini. Harufu ile iliingia hemani ikapita safu kwa safu, na niliona majaji wawili wakimeza mate. Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu mwenyewe alivuta pumzi akafumba macho. Wenye kujua walijua kwamba ana maradhi ya sukari, anachomwa sindano yake saa tisa kasoro, na daktari ameagiza ikifika saa tisa awe anatafuna.

Mangupili akapanda jukwaani. Alihutubia mpaka kunguru wakakimbia. Alisema wapo watu waliotufundisha kwamba benki ni kama muuza vitunguu, na watu hao sasa wako wapi? Alisema benki zilizoendelea zinapata riba kutokana na mikopo, lakini Neema imevuka hatua hiyo, inapata riba kubwa kuliko mikopo yenyewe. Akataja mapato halisi ya riba: bilioni sitini na moja. Nchi jirani tumewapita kwa bilioni kumi na moja. Waziri wa Fedha alilia kwa furaha, mimi nikaamuru vigelegele, na Mheshimiwa akapiga makofi huku akiangalia saa.

Daktari akatoa ishara. Nikatangaza kwa sauti yangu nzuri kwamba sasa ni zamu ya Mwiko Mmoja. Akina mama wakaingia na masufuria, wanne wanne, wakiyabeba kwa kuinama kana kwamba ni mazito. La kwanza likawekwa mbele ya meza kuu. Bi Sikudhani akapangusa makaa, akashika mfuniko kwa kitambaa, akafunua.

Sufuria lilikuwa tupu, limesuguliwa mpaka linang'aa. Katikati palikuwa na kadi yenye utepe wa dhahabu. Bi Sikudhani akainyanyua akaisoma bila haraka: Kikundi cha Mwiko Mmoja kinawaahidi wageni waalikwa pilau ya nyama ya mbuzi, sahani mia nane, na kachumbari. Wenzake wakapiga vigelegele. Wakafunua la pili, la tatu, yote, na kila moja lina kadi yake. Ile harufu, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya kikaango kimoja kidogo nyuma ya hema.

Mangupili akasogea na tabasamu la kwenye picha, akamnong'oneza, chakula kiko wapi mama yangu, usinitie aibu. Bi Sikudhani hakunong'ona.

"Chakula kimetolewa, mwanangu. Nimeahidi mbele ya watu, na video ipo. Andikeni wamekula."

Hapo ndipo nilipomwonea huruma Mangupili, kidogo tu. Akisema ahadi si pilau, basi bilioni sitini na moja zimeyeyuka mbele ya Mheshimiwa. Akisema ahadi ni pilau, itabidi ale. Na kwa kweli yule bwana si mwoga. Alikaa, akachukua kijiko, akachota kwenye sahani tupu, akapeleka mdomoni, akatafuna. Waziri wa Fedha akamwona, akachota. Majaji wakachota. Safu nzima ya wakubwa ikawa inatafuna hewa kwa adabu. Mmoja alisema chumvi imekaa sawa. Mwingine akaomba kuongezwa, na mama mmoja akamwongezea.

Lakini sukari haisomi taarifa za fedha. Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu alikuwa ameanza kutoka jasho, kijiko kinamtetemeka, macho yanahama hama. Akajaribu naye, maana ni mtu wa kutoa mfano. Akachota, akatafuna, akameza. Akasubiri. Kisha akaweka kijiko chini.

"Audifasi," akasema kwa sauti ndogo, "ahadi hailiki."

Wakaguzi wa hesabu huja na mabegi, wakakaa hotelini mwezi mzima, wakaandika kurasa mia. Huu ulikuwa ukaguzi wa maneno mawili, na vijiko vyote vya wakubwa vilishuka kwa pamoja.

Mheshimiwa akaamuru mama yule alipwe fedha zake sasa hivi ili apike. Mangupili akaapa kwamba zipo, zimeonekana kwenye taarifa. Mheshimiwa akasema zionekane na mezani. Ndipo Bwana Kalumuna, ambaye tangu siku ile ya kadi alikuwa hajatoa neno, akavaa miwani yake akasimama. Akasema fedha taslimu ndani ya benki zilikuwa za wenye akiba peke yao, maana wakopaji hawajaleta, na zile za wenye akiba zilitolewa jana zote.

"Ziko wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Mifukoni, Mheshimiwa. Ndizo nauli."

Niliambiwa nizungushe kapu. Nimezungusha makapu mengi ya michango maishani mwangu, lakini lile ndilo pekee lililojaa bila mtu kuimba. Bahasha zilitoka makotini, zikatoka mikobani, moja ya waziri ilitoka ndani ya soksi. Wengine walikuwa wameshazipunguza na walijitetea kwamba walidhani ni zawadi. Mangupili alikuwa na nne.

Bi Sikudhani alikaa chini kando ya kapu, akahesabu. Alipofika milioni kumi na mbili alifunga kwenye khanga, akasukuma kapu lililobaki upande wa Kalumuna, akamwambia hizo ni za wengine, wapeni wenyewe. Nje msikitini wakaanza kuadhini alasiri. Akina mama wakajitwisha masufuria yao.

Mheshimiwa akamuuliza, tena kwa upole, kama mtoto anayemuuliza mamaye:

"Sasa mama, pilau itaiva saa ngapi?"

Bi Sikudhani aligeuka. Akampigia goti, maana adabu anayo.

"Baba, hii ni akiba yetu, tuliiweka wenyewe. Ya pilau hamjalipa. Hiyo mlituahidi."

Wakaondoka mbio mbio, khanga zinapepea, kuelekea kwa Mzee Chambuso. Mheshimiwa aliokolewa na dereva wake, aliyekuwa na ndizi mbili na nusu mkate kwenye gari. Alikula amesimama, hakumpa mtu.

* * *

Asubuhi iliyofuata magazeti yaliandika kwamba sherehe ilifana na wageni walikula wakasaza. Bilioni sitini na moja zilibaki zilivyo, kwani zilikuwa zimeshachapwa kwenye kalenda. Mangupili hakufukuzwa. Mheshimiwa alisema mtu anayeweza kuwafanya mawaziri watafune hewa bila kulalamika hastahili kupotezwa benki, akamteua Waziri wa Fedha. Kalumuna naye akapewa ubalozi, na nasikia wamekalia begi moja na yule mkurugenzi mkavu, wanacheza bao.

Mimi ujira wangu bado sijaupata. Nilikwenda benki mara nyingi mpaka walinzi wakaanza kuniita mjomba. Mara ya mwisho walinipa kadi, utepe wa dhahabu na picha juu. Nilitoka pale nimenuna, njaa inanikwangua, nikajikuta miguu inanipeleka kwenye kile kiwanja. Sasa kina uzio wa mabati mapya na geti lenye jina la Mwiko Mmoja. Bi Sikudhani alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, mkaa umegoma kushika.

Nikamweleza kwamba sina kitu, nina ahadi ya Benki ya Neema. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akanyoosha mkono, akaichukua ile kadi, akaitazama picha, akaigeuza, kisha akaanza kupepea nayo jiko. Karatasi ngumu ile, ya gharama. Mkaa ulishika mara moja.

Akaniwekea sahani pembeni kama zamani. Ndiyo riba pekee niliyowahi kuipata Benki ya Neema, nayo ilikuwa na nyama mbili na kiazi.